Mwongozo kamili: jinsi ya kupata wachangiaji wa tovuti ya habari za mtaa na kuwafanya wabaki

Meseji zinazonijia kutoka kwa wenye tovuti za mtaa ni zilezile. Mmefungua tovuti ya habari za mtaa wenu, mko watatu au wanne mnajitolea, mkaposti tangazo la "tunatafuta waandishi wa kujitolea, jiunge nasi", likapata laiki za kutosha na komenti za hongereni sana, halafu kimya. Au watu walikuja, mkafungua grupu, wiki ya kwanza kila mtu anajitambulisha na kusalimia, baada ya mwezi ni nyie walewale mnaandika kila kitu na grupu limebaki la video za kuchekesha na michango ya harusi.

Wengi wanaanguka sehemu moja: wanatangaza nafasi wakati wangetakiwa kutangaza kazi. "Mwandishi" ni cheo, na mtu wa mtaani akisikia cheo anaanza kujipima, mi nimeishia fomu foo, sijui kuandika, watanicheka, anapita zake. Mtu huyohuyo ukimwambia Jumamosi ukienda gengeni niletee bei ya sembe na maharage, anakuletea na ya nyanya juu.

Mifano ni ya Dar kwa sababu ndo napopajua. Ukiwa Mwanza, DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) isome MWAUWASA na maisha yaendelee. Ukiwa nje ya Tanzania sehemu ya leseni na sheria tafuta za kwenu, hizo sio za kubahatisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaomba mtu yeyote

Leseni. Naanza na hili kwa sababu ndo linalorukwa. Tanzania huduma ya habari mtandaoni inasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Zilipoanza ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka na laki moja ya maombi juu yake, na Juni 2018 hata JamiiForums walizima mtandao kwa muda kwa ajili ya hizi kanuni. Ada zilikuja kupunguzwa, kwahiyo usichukue namba kutoka kwa rafiki, ingia tovuti ya TCRA uangalie ya leo. Wataulizia usajili wa taasisi au kampuni, TIN (namba ya mlipakodi) na mambo ya kodi, anza kukusanya mapema. Sababu ya kuliweka mbele: ukimwalika mama wa watu aandike kwenye tovuti isiyo na leseni umemwingiza kwenye tatizo ambalo hakulijua, na hilo sio haki.

Mhariri mmoja mwenye ithibati. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo. Kwa kikundi cha kujitolea maana yake ni kwamba lazima awepo angalau mtu mmoja wa fani anayebeba uamuzi wa nini kinatoka, na wengine mnawaita wachangiaji. Mchangiaji asiende popote akajitambulisha kama mwandishi wa habari, asitengeneze kitambulisho chake mwenyewe cha stationari, hilo liseme siku ya kwanza kabisa.

Laini ya simu ya deski. Isiwe laini yako binafsi. Siku ukichoka au ukihama unamkabidhi mwingine laini na mawasiliano yote yanabaki, tena watu wataanza kupiga saa tano usiku kwahiyo utashukuru kuwa na simu ya kuzima.

Stori tano au sita ambazo zimeshatoka. Hakuna anayejiunga na ukurasa mtupu. Andikeni nyie kwanza, fupi fupi, za mtaa huohuo.

Karatasi moja ya kanuni. Moja tu! Kuna vikundi vina kanuni kurasa tisa zimenakiliwa kutoka gazeti kubwa na hakuna aliyezisoma. Yanayotosha: hatuandiki tusichokiona au kuambiwa na mtu tunayemjua, aliyetuhumiwa anapigiwa simu kabla, mtoto hatajwi wala haonyeshwi sura kwenye jambo baya, hatupokei hela ya stori, tukikosea tunasahihisha hadharani.

Kibubu cha bando na nauli. Hata elfu ishirini kwa mwezi ni kitu. Mtu anajitolea muda wake, asijitolee na bando lake.

Jedwali la bure la mtandaoni, safu tano: kazi, nani, lini, imefika, imetoka. Basi.

## Hatua ya 1: Vunja habari iwe vikazi

Kaeni chini mwandike vitu ambavyo mtaa wenu unauliza kila wiki. Usianze na "siasa, michezo, afya" kama gazeti, anza na maswali ya watu. Maji yametoka siku gani? Umeme wa LUKU ulikatika saa ngapi hadi saa ngapi? Daladala wamepandisha? Mtaro ule wa TARURA, wale wa barabara za mitaa, umefika wapi? Ndondo ya Jumapili nani kashinda?

Kisha kila swali ligeuze kazi ya mtu mmoja isiyozidi saa moja. Mfano:

- Bei za gengeni kila Jumamosi, bidhaa tano zilezile kila wiki.
- Shajara ya maji, siku yalipotoka na saa, nyumba moja tu ya kila upande wa mtaa.
- Mkutano wa mtaa, mtu akae mpaka mwisho alete mambo matatu yaliyoamuliwa.
- Mapato na matumizi yakibandikwa ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, picha moja inayosomeka.
- Matokeo ya ligi ya mchangani na picha moja.
- Vikundi vilivyopata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Nani kapata, kafanyia nini.

Hiyo ya mwisho nimeiweka makusudi. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na mitaani watu hawajui utaratibu wa sasa ukoje, ukiwa na mtu mmoja anayefuatilia hilo tu kwa miezi mitatu utasomwa kuliko stori yoyote ya msanii.

Bidhaa tano zilezile kila wiki ni kwa sababu bei ya wiki moja ni uvumi tu, bei za wiki kumi zikipangwa ni habari. Na mchangiaji akijua kazi yake haibadiliki hahitaji kukuuliza kila mara.

Tahadhari: kazi yoyote inayohitaji kumkabili mtu mwenye nguvu (kiwanja kimeuzwa mara mbili, mkandarasi kala hela) isiwe kwenye orodha ya wapya. Hiyo ni ya mhariri.

Utajua umefaulu ukimsomea orodha mtu asiyewahi kuandika kitu na akakwambia "hii hata mimi naweza". Kama anauliza "kwani inakuwaje hiyo", bado kubwa, ivunje tena.

## Hatua ya 2: Nenda walipo wanaojua tayari

Hapa ndo kosa la pili kubwa. Tangazo la mtandaoni linaleta watu wanaopenda kuitwa waandishi. Unaowahitaji ni watu ambao habari zinawapitia mbele ya macho kila siku na hawajui kama ni habari.

Wakala wa miamala kwanza kabisa. Amekaa pale pale kuanzia asubuhi mpaka usiku, anaona nani kahamia, anasikia umeme umekatika wapi kwa sababu kila mteja analalamika, na kuandika meseji kwake ni kazi ya kila dakika. Wa pili ni kijiwe cha bodaboda, hawa wanajua barabara na ajali kabla ya trafiki. Mama lishe anajua bei. Mweka hazina wa kikoba anajua hela ya mtaa inaendaje (hatakwambia ya kikoba chake, na usimuulize). Mwalimu mstaafu ndo dhahabu, ana muda, ana kalamu, anaheshimika, na anahariri Kiswahili bila kuombwa.

Wanafunzi wa uandishi ni kundi la peke yake. Vyuo kama SJMC pale Chuo Kikuu cha Dar, DSJ, TSJ na vingine, wanafunzi wao wanatakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo na nafasi kwenye vyombo vikubwa hazitoshi. Wanajua kuandika ila hawaujui mtaa wako, wakazi wanaujua mtaa ila hawaandiki. Waunganishe wawili wawili. Sio wazo jipya, mradi wa Ramani Huria walipoanza kuchora ramani za maeneo ya mafuriko Dar mwaka 2015 walichanganya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar na wakazi wenyewe, mwanafunzi ana utaalamu, mkazi anaonyesha maji yanapopita kila masika. Chukua mpangilio huo kama ulivyo. Ila mwanafunzi anaondoka muhula ukifika, kwahiyo asiachiwe kazi ya kila wiki peke yake.

Tahadhari juu ya viongozi. Mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, kada wa chama chochote, hao ni vyanzo na wasiwe wachangiaji. Unawaamkia, unawaarifu unapoanza ili wasikusikie kwa watu, unawapigia kupata upande wao. Lakini siku mwenyekiti akiandika stori ya mkutano alioongoza mwenyewe, wasomaji wameshawahesabu nyie ni wa nani. Na ukikataa, kataa kwa adabu, mwambie mzee sisi tunakuhitaji kama mhusika, ukiandika mwenyewe watu watasema tumekupendelea.

Utajua umefaulu ukiwa na majina manane hadi kumi, kila moja lina kazi moja mbele yake, na hakuna hata mmoja uliyemtafuta kwa tangazo.

## Hatua ya 3: Omba, na uombe vizuri

Omba mtu mmoja mmoja, ana kwa ana ikiwezekana, halafu meseji ya kufuatia. Usiombe kwenye grupu. Ombi la grupu kila mtu anasubiri mwenzake.

Ombi baya linafanana hivi: "Habari wapendwa, tunawakaribisha wote wenye vipaji vya uandishi kujiunga na familia yetu kwa maendeleo ya jamii yetu." Hapo mtu afanye nini sasa? Lini?

Ombi linalofanya kazi:

"Shikamoo mama. Ni mimi wa ile tovuti ya habari za mtaa wetu, tuliongea jana pale gengeni. Tunataka kuweka bei kila Jumamosi watu wajue kabla hawajatoka nyumbani. Naomba Jumamosi hii unitumie bei ya kilo ya sembe, mchele, maharage, sukari na lita ya mafuta, kabla ya saa nne asubuhi, hata kwa voisi. Kuandika nitaandika mimi, jina lako nitaweka ukipenda. Malipo hatuna, ila bando narudisha. Kama Jumamosi hii una shughuli niambie tu mama yangu, hakuna neno."

Angalia kilichomo: kazi moja, siku, saa ya mwisho, njia rahisi ya kuileta, nani atashika sehemu ngumu, ukweli kuhusu hela, na mlango wa kutokea. Huo mlango wa kutokea wengi wanauogopa, wanaona wakiuweka mtu atakataa. Asiyeweza kukataa kwa heshima atakubali halafu hapokei simu, na hapo umepoteza mchangiaji na jirani.

Kuhusu hela uwe mkweli mpaka ukere. Usiseme "kwa sasa hatuna lakini mbeleni". Mtu atakaa anaisubiri hiyo mbeleni, na ikichelewa atasema mtaani kwamba mnakula hela za wazungu peke yenu. Kama hakuna, hakuna.

Na kijana ukimwomba usimwambie "utapata uzoefu", wamechoka kulisikia. Mwambie kitu cha kushika: jina lake juu ya stori, linki ya kuweka kwenye maombi ya kazi, barua ya mhariri baada ya miezi mitatu.

Utajua umefaulu mtu akikuuliza swali la utekelezaji. "Sukari ya kupima au ya pakiti?" Huyo tayari ameanza kazi.

## Hatua ya 4: Stori ya kwanza ifanyeni pamoja

Hapa chukua muda, ndo mtu anapobaki au kuondoka.

Usimpe mtu mpya akaunti ya tovuti. Ukitumia WordPress kuna ngazi ya kontributa, anaweza kuandika rasimu yake lakini hawezi kuchapisha, na cha kushangaza wengi ni kwamba hawezi hata kupakia picha. Mtu anahangaika na picha jioni nzima anaona yeye ndo mjinga kumbe mfumo umemzuia. Wapokee kwa WhatsApp kwanza, voisi inakubalika, akaunti baadaye kwa anayeitaka mwenyewe. Na hata akizoea usimpandishe ngazi ya mwandishi haraka, ile inaruhusu kuchapisha moja kwa moja bila wewe kuona.

Tuseme mchangiaji wako wa maji ametuma hivi:

"jamani huku kwetu maji hayatoki wiki ya pili sasa na bili inakuja kama kawaida hawa watu wanatuonea sana"

Mhariri mvivu anaiposti hivyohivyo. Mhariri mwenye majivuno anaandika yake upya na kuifanya ya gazeti. Wote wawili wamempoteza huyu mtu. Fanya hivi: mpigie, mshukuru, halafu muulize taratibu. Huku kwenu ni kuanzia wapi mpaka wapi? Mara ya mwisho yalitoka siku gani? Umeulizia nyumba ngapi zaidi ya yako? Bili ni ya mwezi gani, unaweza kunitumia picha yake ukiwa umeziba namba ya mteja na jina? Kuna aliyepiga DAWASA, wakamjibu nini?

Anarudi na majibu. Stori inatoka hivi:

"Wakazi wa eneo la nyuma ya shule ya msingi wanasema hawajapata maji ya bomba tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nyumba sita zilizoulizwa, zote zimesema hivyo. 'Bili inakuja kama kawaida,' amesema mkazi mmoja. Tumewasiliana na DAWASA kujua sababu, majibu yao tutayaweka hapa yakifika."

"Wanatuonea" imetoka, kwa sababu hatujui kama ni uonevu au bomba limepasuka. Hasira imebaki, iko ndani ya maneno ya mkazi mwenyewe. Mwonyeshe mabadiliko haya kabla hujachapisha na umwambie sababu ya kila moja, kwa sentensi moja moja. Somo la dakika tano juu ya stori yake mwenyewe linamwingia kuliko semina ya siku mbili ya maji ya chupa na fulana.

Na usimwoneshe makosa ya herufi. Rekebisha kimya. Mtu mzima hapendi kurudishiwa daftari.

Kwenye picha mfundishe mambo mawili tu kwa kuanzia: simu ilale upande, na atume kama dokyumenti badala ya picha ya kawaida, maana WhatsApp ikibana picha ubora unashuka. Ukitumiwa kama dokyumenti taarifa za ndani ya picha zinabaki, siku iliyopigwa na mara nyingine mahali penyewe. Hiyo inakusaidia kuhakiki, ila zifute kabla ya kuposti, usije ukamwekea mtu ramani ya kwenda nyumbani kwake.

Utajua umefaulu akishea linki mwenyewe kwenye stetasi yake bila kuombwa.

## Hatua ya 5: Hakiki, kwa sababu kosa la mchangiaji ni lako

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo au za kupotosha, faini yake inaanzia milioni tano, na kifungo kipo. Sisemi kuwatisha wachangiaji, nasema ili wewe mhariri usilale.

Kila stori ipite maswali matatu. Nani ameona kwa macho? Nani mwingine anathibitisha asiye ndugu yake? Anayelaumiwa amepigiwa, saa ngapi, kasema nini? Asipopokea andika hajapokea, na wewe umpigie tena sio mara moja.

Picha za mafuriko ni mtego wa kila masika. Machi mpaka Mei picha za Jangwani za miaka ya nyuma zinarudi kwenye magrupu kama mpya, na mtu anayekutumia anaamini kabisa ni za leo. Ipitishe kwenye Google Lens, inayoonyesha picha hiyo ilishatokea wapi mtandaoni, angalia mabango na magari, na muulize aliyetuma: umepiga wewe? Kama jibu ni "nimetumiwa", bado huna picha.

Taarifa binafsi nazo zina sheria yake, ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023. Namba za simu, picha za vitambulisho, nani anaumwa nini, nani kapimwa nini, hayo hayaendi mtandaoni hata kama mtaa mzima unajua. Misiba tangaza kwa ruhusa ya familia tu, na sababu ya kifo iache mpaka wao waseme.

Ukihitaji karatasi ofisini, kwa mfano mkataba wa kuzoa taka au bajeti ya mtaro, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika barua, taasisi ina siku 30 za kujibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ni kazi nzuri sana ya kumpa yule mwalimu mstaafu.

Utajua umefaulu mchangiaji akianza kukwambia "bado sijampata wa upande wa pili" kabla hujauliza.

## Hatua ya 6: Jibu haraka

Fupi hii. Kilichofika leo kijibiwe leo, hata kama jibu ni "nimeipata, naisoma kesho jioni". Kikishindikana kutoka, sema kwa nini. Ukimya wa mhariri unafukuza watu kuliko ukosefu wa hela, nalisema hili nikiwa sina shaka nalo. Kama huwezi kujibu watu kumi, usiwe na watu kumi, kuwa na wanne.

## Hatua ya 7: Pata stori ya pili

Ya kwanza mtu anaweza kuleta kwa heshima yako tu. Ya pili ndo inaonyesha kama una mchangiaji, na haiji yenyewe.

Siku moja au mbili baada ya stori kutoka, mpelekee kitu kilichotokea kwa sababu yake. Isiwe idadi ya vyuu, yaani mara ngapi stori imefunguliwa, vyuu mia tatu hazimwambii kitu. Mwambie gari la DAWASA lilionekana jana, au mama wa duka la pili amesema bei zako ndo anazitumia, au kuna mtu katuma swali juu ya ulichoandika. Halafu hapohapo mpe kazi inayofuata, inayotokana na ile ya kwanza. Stori ya maji inazaa "basi yakirudi niambie saa", hiyo inazaa "je bili ya mwezi huu ikoje". Unaona hujamwomba jambo jipya, unamwomba amalize lake.

Kutaneni ana kwa ana mara moja kwa mwezi, chai na vitafunwa, saa moja. Someni kwa sauti stori moja nzuri ya mwezi huo na mseme kwa nini ni nzuri. Wasio na kazi mwezi huo wakaribishwe pia, wasione wamefukuzwa.

Mtu akitaka kupumzika mwachie, na mpe njia ya kurudi. Weka kwenye jedwali "amepumzika", usiandike "ameacha". Wengi wanarudi masika yakianza, au umeme ukianza kukatika, siku wana kitu cha kusema.

Utajua umefaulu ukiwa na watu wanne walioleta stori ya tatu. Wanne wa namna hiyo wanabeba tovuti ya mtaa mmoja, nyie waanzilishi mkabaki kuhariri.

## Ukikwama hapa

Wanaleta malalamiko matupu, hakuna habari. Punguza kazi iwe namba: siku, saa, bei, idadi. Mtu akizoea kuleta namba, lawama zinapungua zenyewe.

Mmoja anaandika sana, wengine wamenyamaza. Huyo mpe kazi ya kumlea mmoja mpya, na stori zake ziwe moja kwa wiki. Grupu likionekana lina mwenyewe, wengine wanakaa pembeni.

Mtu ameleta stori ya adui yake. Ipokee, mwambie asante kwa taarifa, halafu itoke mikononi mwake kabisa, ifuatiliwe na asiyewajua wote wawili. Ikiwa ya kweli itasimama bila yeye.

Kiongozi kapiga simu anataka stori ishuke. Msikilize, muulize ni sentensi gani sio kweli. Akiitaja na ana ushahidi, sahihisha siku hiyohiyo na uandike kwamba umesahihisha. Asipoitaja, mwambie utaongeza maelezo yake kwenye stori kama yalivyo, muulize anataka yaandikweje. Simu hiyo ipokee wewe, na jina la mchangiaji usimpe hata akikuhakikishia hana ubaya.

Umepoteza wote. Rudi hatua ya 1, chagua kazi moja tu, ya bei, mtafute wakala mmoja. Usifungue grupu jipya.